Kibrashi cha Bafuni

Basi zima lilikuwa linamsikia fundi cherehani akimlaani daktari. "Wamfunge mwanangu vyuma vya meno wenyewe, chakula kinase humo, kisha wamwambie mbele za watu kinywa kinanuka! Wakubwa bwana, lawama zote kwetu!"

Mama wa kiti cha nyuma akamwinamia binti wa fundi, aliyeketi kando ya baba yake. "Kwani mwanangu, hukupewa kile kibrashi chembamba cha kupitisha kwenye vyuma?"

Binti akaziba mdomo kwa kiganja. "Nilipewa, shangazi. Baba anasafishia cherehani."

Fundi akapapasa mfuko wa shati. Kibrashi alichokiokota bafuni kilikuwamo, cheusi tii kwa oili. "Si ungesema, mwanangu?"

"Ulikifurahia sana, baba. Tangu mama afariki sijakuona hivyo."

Kondakta akagonga bati. Fundi akashuka na binti, naye pia kaziba mdomo kwa kiganja.