Zillah Holdsworth, Aliyewasemea Wafu wa Watu

Ndugu na majirani mliojaa katika ukumbi huu wa Keighley, familia inawaomba mtulie kidogo kabla jeneza halijainuliwa, ili maisha ya mama yetu yasomwe kama yalivyokuwa, na anayeyasoma ni mkwe wake, Hartley Tillotson, kwa niaba ya mkewe Lavinia, binti wa marehemu, ambaye sauti imemkauka.

Marehemu Zillah Holdsworth alizaliwa tarehe 22 Novemba 1835 katika kijiji cha Oxenhope, hapa Yorkshire, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Abram Feather, mchanaji wa sufu, na mkewe Susannah, katika chumba kimoja walimolala, walimopika na walimochania sufu, na jiko la makaa la kupashia vitana moto halikuzimwa humo kiangazi wala kipupwe, ndiyo maana mapafu ya mzee Abram yaliisha mapema, akafariki mwaka 1846.

Shule aliipata kwa vipande, kwa kuwa tangu akiwa na miaka tisa asubuhi alikuwa kiwandani akiunga nyuzi zilizokatika na alasiri darasani akisinzia, na kusoma hasa alijifunza katika shule ya Jumapili ya Wamethodisti, kwa kidole chini ya kila neno, tabia ambayo hakuiacha hata uzeeni. Mwaka 1848 mama yake alihamia naye hapa mjini, akaajiriwa katika kiwanda cha kusokota sufu, alikofanya kazi kwa miaka mingi na kupendwa na wenzake kwa ulimi wake mwepesi.

Mwaka 1853, kama wazee mliopo mnavyokumbuka, zilifika mjini kutoka Marekani habari za meza zinazojibu maswali na wafu wanaogonga ili kuongea na walio hai, zikaingia jikoni mwa watu haraka kuliko zilivyoingia makanisani, na Jumapili moja alasiri Zillah alialikwa chai kwa jirani, Mama Bottomley, mjane wa miezi michache, wakaweka mikono mezani kwa mzaha tu, mara kichwa cha msichana kikainama na kinywa chake kikamwambia mjane kwa sauti nzito ya mwanamume, "Sukey, mbona unalala kitini? Kitanda nilikuachia wewe, si paka." Mama Bottomley alicheka, kisha akalia mpaka akashikwa na watu, maana hakuwa amemwambia yeyote kwamba tangu mazishi hakukigusa kile kitanda.

Habari zilimfikia mchungaji, akamwita mbele ya wazee wa kanisa, akamwambia, "Binti, anayesema kwa kinywa chako ni shetani."

"Basi, mchungaji," alijibu Zillah, "shetani huyo amemwambia mjane akalale kitandani."

Jina lake lilifutwa kanisani wiki hiyohiyo, na mama yake, aliyeendelea kwenda ibadani peke yake hadi kufa kwake, hakumlaumu, lakini kila Jumapili alisimama mlangoni kidogo na kofia yake kichwani, kana kwamba bado anamsubiri mtu.

Tarehe 5 Juni 1858 marehemu alifunga ndoa na Jabez Holdsworth, msimamizi wa mitambo ya kufuma, ambaye alikuja kwenye kikao chake cha kuwasemea wafu mara ya kwanza kwa kejeli, akasema mbele ya wote, "Muulize babu yangu alificha wapi kiko chake," naye Zillah akafumba macho, kisha akasema, "Babu yako hajaja. Pengine anakufahamu." Waliokuwepo waliangua kicheko, na Jabez alisimulia baadaye kwamba alimpenda saa ileile, kwa sababu angeweza kutunga jambo na hakutunga. Mungu aliwajalia watoto watatu, Lavinia mwaka 1859, Enos mwaka 1861, na Keziah mwaka 1863.

Mwaka 1867 homa ya vipele vyekundu iliingia mtaani kwetu, Enos akafariki tarehe 3 Novemba na Keziah tarehe 8, wakazikwa kaburi moja kule Utley, na Lavinia, aliyekuwa mgonjwa pamoja nao, akabaki.

Tunafika sasa kwenye yale ambayo wengi wenu hamkuyajua, na familia imekubaliana yasemwe. Baada ya msiba ule akina mama waliofiwa waliendelea kuja, naye aliendelea kuwapa maneno ya watoto wao, lakini kila alipowatafuta wake mwenyewe hakupata hata pumzi, na Jabez, ambaye miaka yote hakuwahi kuweka mkono mezani, sasa alikaa mbele yake kila jioni baada ya kazi, akingoja.

"Nipe neno moja, Zillah," alimwambia.

"Sina, mume wangu."

"Juzi mwanamke wa Bingley umempa wake watatu."

"Wale walikuja. Wa kwetu hawajaja."

"Basi nidanganye."

Marehemu alisema, "Nikikudanganya leo, kuanzia kesho utakuwa umeoa mpiga ramli." Jabez aliinuka, na tangu hapo chakula kikawa kinawekwa na kuondolewa vilevile kilivyo, akakonda hadi wenzake kiwandani wakaanza kushusha sauti anapopita.

Mwaka uliofuata alianza kwenda Bradford kwa treni kila Jumamosi baada ya kazi, kwa mwanamke mmoja aliyejulikana kwa jina la Bi Delphine Croft, aliyewakalisha watu nyuma ya mapazia mazito, gizani, wakasikia ngoma ndogo ikilia yenyewe, wakaguswa na vidole vya watoto, na Jumamosi ya tatu alirudi uso umemng'aa, akakaa mezani, akajikatia mkate, akasema huku akitafuna, "Enos ameongea. Anasema kapewa farasi mweupe, anampanda siku nzima."

Enos aliogopa farasi. Kila mkokoteni wa farasi ulipopita mtaani alijificha kwenye sketi ya mama yake, na akiuona kwa mbali alitaka wavuke barabara, mambo ambayo baba, aliyetoka alfajiri na kurudi usiku, hakupata kuyaona. Zillah alimmiminia chai, akamsogezea siagi.

Jabez hakuridhika kufurahi peke yake, akamsihi mkewe waende wote, naye akakataa, akasihiwa tena, mwisho akaenda, akaketi katika giza lile akiwa ameshika mkono wa mumewe, na mkono mwingine, mdogo, wa baridi, ukampapasa shavuni, nao ulinuka sabuni ya mawaridi na ulikuwa na sugu ya sindano kwenye kidole cha shahada, sugu ya mshonaji ambayo mwanamke yeyote wa Yorkshire angeitambua.

"Umemsikia?" Jabez alinong'ona, akilia.

"Nimeusikia mkono," alisema Zillah.

Hakusema zaidi ya hapo, wala uongo hakusema, lakini kuanzia siku ile, mwaka 1868, hakukaa tena mezani kwa ajili ya mtu yeyote, na mjini ikavuma kwamba roho zimemkimbia, wengine wakasema amerudi kanisani, wengine kwamba siku zote alikuwa tapeli na sasa ameona aibu, naye aliyasikia yote na hakujibu hata moja. Badala yake alijifunza kuosha maiti, na katika mitaa hii ni nyumba chache ambazo hakuingia na beseni lake, akamfumba aliyekufa macho, akamchana nywele, kisha akaketi na wafiwa, akawaacha wao ndio waseme.

Jabez alifariki kwa kifua tarehe 17 Januari 1884, kwa amani, akisema, "Wananingoja na farasi wao," na mkewe akamjibu, "Nenda basi, usiwacheleweshe." Baada ya mazishi Lavinia, aliyekuwa akilikumbuka jambo hilo tangu utotoni, alimwuliza, "Mama, Enos aliogopa farasi."

"Najua."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Baba yako alikuwa ameanza kula."

Na alipoulizwa kwa nini basi aliacha vikao, alisema kwamba mtu akishaukubali mkono ule, hata kwa kunyamaza, hawezi tena kumtazama mama aliyefiwa machoni na kumwambia, haya ninayokupa mimi ni ya kweli.

Ugonjwa wa tumbo ulimshika Oktoba mwaka jana, akavumilia bila kulalamika, isipokuwa kuhusu uji, ambao alisema kila mtu anaupika vibaya, na siku chache kabla ya mwisho Lavinia alishindwa kujizuia, akamwuliza kama akifika atamgongea. "Sijui njia ikoje, mwanangu," alisema. "Nikiweza, nitagonga. Nisipogonga, usiende Bradford." Alifariki Jumatatu tarehe 9 Machi 1891, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa binti yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Ameacha mtoto mmoja na wajukuu wanne.

Familia inamshukuru Daktari Illingworth, aliyepanda ngazi zetu nyembamba kila alipoitwa, hata katika theluji, majirani wa mtaa waliotuletea makaa na mikate, wanawake wa kiwandani waliosimama kimya getini jeneza lilipopita, na Bi Tabitha Rushworth, aliyefundishwa na marehemu kuosha maiti na ndiye aliyemwosha. Kwenu watu wa vikao, mliokuwa wenzake na mliokuja leo licha ya miaka ile ya maneno, tunawashukuru sana, na tuna ombi moja, kwamba msimwite. Tangu Jumatatu nyumba iko kimya, hakuna kilichogonga, na Lavinia anasikiliza.

Lala, mama yetu, upumzike. Hatutakutungia neno.