Maneno Tuliyomwachia Wietske Hoekzema

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi Wietske Hoekzema anastaafu baada ya kuitumikia ofisi ya chama chetu cha manahodha hapa Werkendam kwa miaka ishirini na saba. Kwa miaka ishirini na sita kati ya hiyo amekuwa msimamizi wa De Bolder, jukwaa letu la mtandaoni, ambako watu wapatao elfu mbili wanaoishi kwenye meli za mtoni wamekuwa wakikutana kila siku bila kuonana.

Kamati ilipoomba mtu wa kuandika wasifu huu, wiki tatu zilipita na hakuna aliyejitokeza. Sababu tunaijua sote. Mwishowe nimeandika mimi, Roelof Tamminga wa meli ya Twee Zusters, niliyekuwa msaidizi wake jukwaani kwa miaka kumi na mmoja. Kwa nini mimi, nitaeleza mahali pake.

Bi Hoekzema alizaliwa Delfzijl mwaka 1958, akakulia kwenye meli ya baba yake na kusoma shule ya bweni kama wengi wetu. Mwaka 1998 aliajiriwa kupiga chapa barua na kupokea simu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwendea mwenyekiti wa wakati ule na kumwambia kwamba amechoka kujibu swali moja mara arobaini kwa siku, lango gani la mfereji limefungwa. "Nipe kompyuta moja na Jumamosi mbili," alisema. Akapewa ile iliyokuwa ikizuia mlango wa stoo usijifunge. Humo ndimo De Bolder ilimoanzia.

Wazee wa jukwaa wanakumbuka kisa cha paka. Mwaka 2006 Fokje Wiersum alimsahau paka wake kwenye lango la Maasbracht, akagundua alipokwishafika Groningen. Wietske aliandika mstari mmoja: "Nani anapanda kaskazini na hana mbwa?" Paka alisafiri siku tisa kwa meli nne. Alifika amenenepa, na kila nahodha akaapa kwamba si yeye aliyempa samaki. Wanakumbuka pia ugomvi wa supu ya njegere, uliodumu siku kumi na moja na kuzaa jumbe mia nne, hadi Wietske alipoandika: "Kila mtu ale ya kwake. Nafunga." Na kiangazi cha 2022, mto ulipokauka, alitutangazia kina cha maji kila alfajiri kwa siku sabini na moja bila kukosa. Salamu hakuwa nazo. "Maji yameshuka tena. Msijidanganye." Kuna meli hazikukwama kwa sababu ya maneno hayo manne.

Lakini palikuwa na kona nyingine ya jukwaa tuliyoiita Chumba cha Nyuma, ambamo aliingia tu aliyekaribishwa. Humo watu waliandika habari za pombe, za ndoa zilizovunjika, za watoto wanaolia bwenini Jumapili jioni. Mwaka 2009, mdogo wangu Ubbo alipoteleza kwenye sitaha yetu akazama karibu na Dordrecht, niliandika humo mara saba. Niliandika mimi nilikuwa nikifanya nini dakika ile. Wanangu hawajui. Wietske ndiye aliyeshika ufunguo.

Oktoba iliyopita fundi alituambia mashine imezeeka na haiwezi tena kulindwa. Ingezimwa mwisho wa Mei. Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia bure kwenye programu ya simu ya kampuni kubwa, na maandishi yetu yote ya robo karne yachukuliwe kwa mchana mmoja na kuwa mali yao. Ya pili ni kujenga jukwaa dogo la kwetu wenyewe, bila mtu yeyote kujua kama litasimama. Wietske hakutuambia tuchague ipi. Alisema jambo moja tu, kwamba halitahama neno la mtu kabla mwenyewe, au familia yake kama amefariki, hajaulizwa.

Watu walikasirika. "Ya kwangu nimeruhusu, peleka bwana, tumalize!" aliandika nahodha mmoja wa Zwartsluis.

"Wewe umeruhusu," Wietske akamjibu. "Mkeo uliyemtaja kila ukurasa je?"

Tulicheka, lakini wengi walinuna. Mimi nilinuna kuliko wote. Nilikuwa nimechoka kuitwa msaidizi. Niliona kwamba kwenye programu mpya msimamizi mpya angehitajika, na nilijiona mimi ndiye.

Asubuhi moja ya Novemba, nikisubiri zamu langoni na kikombe cha kahawa mkononi, nilijiandikisha upya kwa jina la Upepo wa Kaskazini. Nikaandika: "Mnajua kwa nini hataki tuhame? Huko hataweza kusoma jumbe zenu za faragha kama anavyozisoma hapa."

Haikuwa kweli, na nilijua si kweli. Kila msimamizi anapofungua ujumbe wa faragha, mashine huandika alama kwenye orodha, na kwa kuwa msaidizi nilikuwa na ruhusa ya kuiona. Niliifungua siku hiyohiyo. Ilikuwa tupu.

Kufikia jioni watu mia tatu na arobaini walikuwa wamebonyeza dole gumba la kuunga mkono chini ya uongo wangu. Nami, kwa jina langu halali, nikaandika chini yake: "Jamani tutulie, tusubiri ukweli." Kati ya yote niliyoandika maishani, sentensi hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi.

Wiki ile watu mia mbili walijitoa. Mwanamke mmoja alimsimamisha Wietske dukani, penye jibini, akamuuliza kama anafurahia kusoma habari za vitanda vya wenzake. Sietse, mume wake, aliacha kwenda kanisani.

Januari tulifanya kikao cha mtandaoni, nyuso mia moja na tisini kwenye kioo. Mtu akauliza waziwazi: "Wietske, unasoma jumbe zetu au husomi?"

"Sijawahi kufungua hata mmoja."

Mmoja akacheka. Wakafuata wengine. Niliwaona wakicheka wale wale ambao paka wao, watoto wao na misiba yao ilipita mikononi mwake.

Wietske akasubiri wanyamaze. "Roelof," akasema, "wewe unaiona orodha. Waambie."

Nikajibu: "Mimi msaidizi tu. Sijaiangalia siku nyingi."

Wietske alibaki pale mpaka kikao kikaisha, akaandika kumbukumbu za kikao, akazituma kesho yake kama kawaida. Hata kile kicheko alikiandika: "Wajumbe walicheka."

Siku kumi baadaye simu yangu ililia nikiwa kwenye usukani.

"Roelof, nimefika mwaka 2009. Kuna maandishi yako saba kuhusu Ubbo."

"Umeyasoma?"

"Nimesoma jina na tarehe, nikaishia hapo. Yahame, yafutwe, au nikuchapishie nikutumie kwa posta?"

Nilipunguza mwendo wa meli.

"Upo?"

"Nipo."

"Basi fikiria, usiharakishe. Nina wengine mia tatu wa kuwapigia wiki hii." Akakata.

Ningeweza kusema siku ile. Sikusema. Nilisubiri hadi kura ikapita mwezi Machi, kura 611 za kujenga kwetu dhidi ya 548 za kuhama, nikahakikisha hakuna tena cha kupata wala cha kupoteza. Hilo nalo naomba liandikwe. Aprili ndipo nilipokwenda ofisini. Alinimiminia kahawa. Nikamwambia Upepo wa Kaskazini ni mimi.

Aliendelea kukoroga kikombe chake, ingawa hatumii sukari.

"Kwenye kikao," akasema. "Orodha ulikuwa umeiona?"

"Nilikuwa nimeiona."

"Na nilikuomba mbele ya watu."

"Uliniomba."

Aliweka kijiko mezani.

"Kahawa yako hujaimaliza," akasema. "Imalize, halafu uende."

Niliimaliza. Sikumwomba msamaha siku ile, kwa sababu niliona ningekuwa namtwika kazi nyingine. Jioni niliandika jukwaani kwa jina langu, nikaweka orodha tupu ili kila mtu aione, nikajiuzulu usaidizi. Nilitegemea matusi, na yalikuja. Sikutegemea kilichofuata. Kisha mmoja akaandika: "Mimi nilibonyeza." Wa pili akaandika: "Mimi nilicheka." Yule wa dukani aliandika pia. Iliendelea hivyo karibu wiki mbili, na Wietske hakumjibu yeyote. Kazi ya kuuliza ilikuwa haijaisha.

Aliimaliza tarehe 22 Mei. Aliwapigia simu au kuwaandikia barua watu 1,914. Maandishi ya waliokubali yamehama. Ya waliokataa yamefutwa. Ya wasiopatikana yamechapishwa na kufungwa katika bahasha, na yako kwenye kabati la ofisi, kila bahasha na jina lake. Yangu saba nilimwomba ayatume kwa posta. Bahasha ilifika imefungwa kwa gundi na utepe.

Jukwaa jipya lilifunguliwa wiki iliyopita na watu elfu moja na mia tatu. Fokje Wiersum amekubali kulisimamia kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo hatujui. Wengine wanasema litakufa kabla ya Krismasi, na anayeweza kuwabishia kwa uhakika hayupo, maana Wietske pekee ndiye aliyejua namna ya kutuweka pamoja. Naye amesema hatajiandikisha. Anahamia Appingedam na Sietse, kwenye nyumba yenye bustani na isiyo na mto karibu.

Kamati ndiyo iliyoamua kwamba wasifu huu niuandike mimi, kwa kuwa uongo ulikuwa wangu. Bi Hoekzema aliulizwa kama anaridhia, akajibu kwa mistari mitatu: "Aandike. Asifiche kitu, na aweke jina lake. Asiniite mama wa jukwaa. Nilikuwa mfanyakazi, na kazi niliifanya."

Basi nimeandika kama alivyotaka. Kwenye ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki yamechapwa majina 287 ya waliobonyeza lile dole gumba na wakakubali kutajwa. Ni majina halisi, pamoja na ya meli zao. Langu liko juu.

Wietske, tunakushukuru kwa kila alfajiri, kwa kila lango, na kwa kila kitu ambacho ungeweza kukisoma na hukukisoma. Hatukuombi useme lolote leo ukumbini. Kaa, kula keki, ondoka utakapotaka. Nenda Appingedam na afya njema, wewe na Sietse. Tunakuombea miaka mingi ya utulivu, na majirani waaminifu kuliko tulivyokuwa sisi.