Felista wa Chumba cha Redio, na Sala za Sebuleni Kwake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Felista Rwechungura anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili katika Bandari ya Mtwara. Ukiondoa miezi michache ya mwanzo aliyokaa masjala, muda wote huo alikuwa chumba cha redio, akizipokea meli zinazoingia na kuziaga zinazotoka. Wengi wetu tuliijua sauti yake kabla ya kumjua mwenyewe.

Alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, upande wa pili kabisa wa nchi. Alikuja huku pamoja na mumewe, Mwalimu Filipo, aliyepangiwa kufundisha Mtwara. Siku hizo barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa matope matupu, na mvua zikishika abiria walilala njiani. Walipofika, Felista alimwambia mumewe kwamba watakaa mwaka mmoja tu.

Kwa sauti ile nzito na tulivu, manahodha wa kigeni, waliomwita Mama Mtwara, walidhani ni mwanamke wa miraba minne. Mmoja wao aliposhuka gatini kuja kumshukuru, alimpita mlangoni bila kumwona, kwa kuwa Felista ni mfupi na alikuwa ameshika ndoo ya kudekia. Kila msimu wa senene, kopo lilimfikia kwa basi kutoka kwao. Nahodha wetu wa tishari la kuvutia meli, Abeid, mzaliwa wa Mikindani asiyetishwa na bahari yoyote, aliposogezewa kopo hilo alirudi nyuma.

"Mama, hao si panzi?"

"Panzi ni wa kwenu. Hawa ni senene."

Abeid alitoka akasahau kofia mezani.

Hayo ni ya mchana. Ya jioni tunayajua wachache, naye ametupa ruhusa tuyaandike.

Nyumbani kwao Chikongola, hapa Mtwara, kila walipomaliza kula, mmoja alisoma kisa kifupi cha Injili, polepole, mara mbili. Kisha walifumba macho na kuingia ndani ya kisa. Kama ni harusini, kila mmoja alitafuta pa kukaa, akanusa vyungu, akasikiliza nani analalamika jikoni kwamba divai imekwisha. Baadaye walisimuliana walichokiona, wakafunga kwa Baba Yetu. Filipo alifundishwa sala hiyo na padri mmoja mzee seminarini, kabla hajaacha masomo ya upadri na kwenda kuwa mwalimu. Hawakujaliwa mtoto. Felista husema kwamba pamoja na hayo, sebule yao ilijaa watu kila jioni.

Mwaka 2014 Mwalimu Filipo aliugua kwa muda mfupi akafariki. Felista alimsafirisha hadi Kamachumu, akamzika kwao. Wakwe walimsihi asirudi, na uhamisho wa kwenda Bukoba ungewezekana. Arobaini ilipopita alipanda basi akarudi Mtwara peke yake. Aliwaambia wakwe, "Hapa mimi ni mjane tu. Kule nina kazi."

Kazini alichangamka kuliko zamani, nasi tukaamini amepoa. Hatukujua kwamba sala ilikuwa imemgomea. Alisoma, akafumba macho, akaingia, lakini kila alipoingia watu walikuwa wameshaondoka. Harusini alikuta viti vimepangwa ukutani. Kando ya ziwa aliona nyavu, hakuona wavuvi. Jioni baada ya jioni alitembea kwenye visa vitupu. Hakumwambia padri wala yeyote kati yetu.

Aliyegundua ni jirani yake Fauzia, fundi cherehani, ambaye nyumba yake imepakana na ya Felista ukuta kwa ukuta. Jioni moja alibisha hodi.

"Nisamehe dada," alisema. "Marehemu alipokuwa hai nilikuwa nawasikia mkisoma, halafu mnaongea, mnacheka. Siku hizi unasoma, halafu kimya. Kimya hicho kinanitia hofu."

Felista alitaka kujibu kwamba yeye ni mzima. Badala yake alisema, "Fauzia, sioni mtu."

Fauzia hakumuuliza maana yake. Alijibu, "Sisi hatusali hivyo, dada. Lakini kukaa na mtu najua." Akakaa mpaka chai ikapoa, kisha akaenda kwake kuswali isha.

Wiki ileile Felista alisoma kisa cha yule mgonjwa aliyelala miaka mingi kando ya birika. Yesu anamuuliza kama anataka kuponywa, na badala ya kusema ndiyo, mgonjwa anaeleza kwamba hana mtu wa kumsaidia kuingia majini. Zamani, na Filipo, Felista alikuwa akisimama katikati ya umati. Safari hii umati haukuwepo, ila mgonjwa alikuwepo, kwenye mkeka wake. Felista akakaa sakafuni kando yake. Anasema sakafu ilikuwa baridi, na mtu yule alinuka kama mtu asiye na wa kumwogesha. Swali lilipokuja, lilikuja kwao wote wawili. Mgonjwa akajibu kwamba hana mtu.

"Na mimi nikajibu vilevile," baadaye alinisimulia mimi, Upendo wa uhasibu. "Kwa sauti, sebuleni, mtu mzima mimi. Uso wa aliyeuliza sikuuona, Upendo. Ila aliuliza."

Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku chache baadaye tulikutana kantini. Mimi nilikuwa mgeni, nimehamishwa kutoka Njombe, sina ndugu huku, na chakula cha jioni nilikuwa nakula nimesimama jikoni.

"Unakula na nani?" aliniuliza.

"Peke yangu, mama."

"Jumatano njoo."

Nilikwenda kwa ajili ya chakula, nikabaki kwa sala. Wiki iliyofuata alikuja Joshua, mwendesha winchi, na baada yake wengine. Joshua alipoulizwa kwa mara ya kwanza alisimama wapi ndani ya kisa, alikiri kwa aibu, "Nilisinzia, mama."

"Hata mitume walisinzia. Wewe ulisinzia wapi?"

Tulicheka, lakini Joshua alifikiri sana, akasema alisinzia mlangoni kwa sababu hakuwa na hakika kama amealikwa. Tangu siku hiyo hakukosa, mpaka alipohamishiwa Tanga. Wengine pia walihamishwa mmoja mmoja, kama ilivyo kawaida ya watumishi, na ziko Jumatano ambazo Felista alisali peke yake.

Nisingependa msomaji adhani upweke wake ulikwisha. Jumapili, baada ya misa, watu wanapoondoka na familia zao, yeye huchelewa kanisani ili akitoka akute njia tupu. Nilipomuuliza kama anazoea, alisema nyumba bado ni kubwa.

Jumatano iliyopita tulikuwa wawili. Tulisoma asubuhi ile ya ufukweni, Yesu amewasha makaa na kuwaita wanafunzi waje kula samaki. Mimi nilisema nilisimama mbali, kwenye mchanga uliolowa, nikiogopa kukaribishwa. Kisha ikawa zamu yake.

"Leo Filipo alikuwepo," alisema. "Hajawahi kuwepo. Alikuwa amechuchumaa anageuza samaki."

"Alikwambia nini?"

"Hakuniona. Alikuwa anaongea na wenzake."

Nilimuuliza kama imemuuma.

"Imeniuma," alisema. "Lakini hakuwa peke yake."

Mwezi ujao anarudi Kamachumu, kwenye nyumba ambayo Mwalimu aliiacha ina kuta na paa, na shamba la kahawa na migomba linalomsubiri. Mama Felista, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa bandari, ahsante kwa kila meli uliyoiongoza kwa subira, na kwa kutuuliza tunakula na nani. Safiri salama, upate afya na mavuno ya kutosha, na maisha yako huko yawe mema. Sala ya Jumatano sasa itakuwa nyumbani kwangu, saa moja jioni. Aliye peke yake asisubiri mwaliko mwingine.

Upendo Sanga
Uhasibu