Mwalimu Lauga Eyolfson na Majina Kumi na Moja ya Jimbo la Vidines

Bibi Sigurlaug Eyolfson, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Lauga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1921 hapa Vidines, kando ya Ziwa Winnipeg, katika nyumba ya magogo ya wazazi wake, Markus na Ingibjorg Markusson. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba. Dhoruba ya theluji ilimchelewesha mkunga, na alipofika alimkuta mtoto ameshanyonya na kulala.

Alisoma shule ya Vidines hadi darasa la nane, kisha akapata mafunzo ya ualimu Winnipeg mwaka 1939 na 1940. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu. Siku moja mchungaji alikosea mwaka wa gharika ya ziwa katikati ya mahubiri, na Lauga, wakati huo binti wa miaka kumi na tisa, akamsahihisha kutoka benchi la tatu. Mamake alimfinya paja. Mchungaji akasahihisha, akaendelea.

Alifundisha shule ileile kwa miaka thelathini na minne. Tarehe 12 Oktoba 1946 aliolewa na Thorvaldur Eyolfson, Valdi, mvuvi, wakajaliwa watoto wawili, Einar na Kristrun; Kristrun ndiye huyu anayewasomea. Kuanzia mwaka 1949, kila uchaguzi wa bunge la shirikisho ulipokaribia, Mwalimu ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuandikisha wapiga kura, na siku yenyewe ndiye aliyekaa nyuma ya sanduku la kura.

Hapa ndipo marehemu alipotuagiza tusipite haraka.

Mwaka 1962 ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu sheria iwaruhusu Waojibwe, wenyeji wa asili, wote wa makazi ya Ghuba ya Kinew kupiga kura kama sisi wengine. Wakati wa kuandikisha, mtu wa kampeni ambayo Valdi alikuwa akiifanyia kazi alimwambia Mwalimu jikoni kwake, huku akila keki yake, "Huko Kinew usijisumbue. Njia ni tope tupu. Na wale kura zao unazijua zinaelekea wapi." Mwalimu alimkatia kipande kingine. Hakwenda.

Jumatatu tarehe 18 Juni, saa nne asubuhi, watu kumi na mmoja wa Ghuba ya Kinew waliingia katika ukumbi wa kina mama wa kanisa, uliokuwa kituo cha kupigia kura, wamevaa nguo za kanisani. Alikuwemo Ambrose Traverse, aliyevua na Valdi chini ya barafu majira sita ya baridi na kula mezani kwa Mwalimu mara nyingi kuliko ndugu zetu wa damu. Mkewe, Philomene, alikuwa na kofia mpya ya buluu.

"Shemeji, tumekuja," Ambrose alisema, akicheka. "Leo na sisi tuonje."

"Majina yenu hayamo, Ambrose."

"Hayamo vipi? Si wewe uliyepita kuandika?"

"Kwenu sikufika. Njia ilikuwa tope."

Ambrose alitazama viatu vyake, vilivyokuwa na tope hadi kwenye vifundo. "Ndiyo hiyohiyo tuliyopita sisi."

Watu wachache walicheka. Sheria ya vituo vya vijijini iliruhusu asiyemo katika orodha apige kura, mradi mpiga kura mmoja wa kituo hicho aape kwamba anamfahamu. Ambrose aliijua. Akageuka kwa Valdi, aliyekuwa amesimama karibu na jiko.

"Valdi, waambie. Si unanifahamu?"

Valdi aliinama, akakwaruza kitu kwenye kidole gumba. "Sheria hizi siku hizi zinabadilika-badilika," akasema.

Kijitabu cha sheria kilikuwa chini ya kiwiko cha Mwalimu. Alikuwa amekisoma mara mbili. Angeweza kukifungua, angeweza kumwambia mumewe, njoo uape. Badala yake aliangalia juu ya bega la Philomene, akasema, "Anayefuata."

Mgombea wa Valdi alishinda jimbo la Vidines kwa kura tisa. Majira ya kupukutika majani Valdi akapewa kazi ya kusimamia gati la serikali. Sisi watoto tulisomeshwa na kazi ile, na picha ya mbunge yule ilining'inia sebuleni kwetu miaka mingi, tukiwaonyesha wageni. Ambrose hakuja tena mezani. Alifariki mwaka 1971, na nyumbani kwetu hakuna aliyekwenda kumzika.

Jimbo lenyewe halikudumu. Lilianza na uchaguzi wa 1925, likafutwa mipaka ilipochorwa upya mwaka 1966, vipande vyake vikagawiwa majirani. Kamati ya kijiji ilipotaka historia yake iandikwe, kila mtu alisema, nani mwingine kama si Lauga? Kitabu kilitoka mwaka 1986, nakala mia tatu, chaguzi zote kumi na tatu, kila mgombea na kura zake. Ukurasa wa 41, kuhusu mwaka 1962, aliandika: "Siku ilikuwa tulivu, na kila aliyetaka kupiga kura alipiga."

Aliishi na sentensi hiyo miaka kumi na moja. Mwezi Mei 1997, Valdi akiwa ameshafariki, Delphine Traverse, binti ya Ambrose, mwalimu kama yeye, alikuja na kitabu mkononi. Mwalimu akamimina kahawa.

"Nimekuja kwa ajili ya ukurasa wa arobaini na moja," Delphine alisema. "Ulisahau?"

"Sikusahau."

"Basi uliandika ukijua."

"Ndiyo, mwanangu. Nilijua."

"Mimi si mwanao, Mwalimu." Akaondoka, kahawa haijaguswa.

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na sita. Aliketi akaandika ukurasa mpya, akaeleza yaliyotokea na jina lake mwenyewe, kisha akaanza kuorodhesha wale watu. Akakwama baada ya jina la saba. Kumbukumbu ile iliyomsahihisha mchungaji haikuwa na majina manne, kwa sababu hakuwahi kuyauliza.

Einar alipopata habari alikuja mbio. "Mama, Baba yuko kaburini. Kwa nini unamvua nguo mbele za watu?"

"Ninajivua mimi. Wewe vaa zako."

Sote wawili, Einar na Kristrun, tulimkataza. Tulimwambia umri umemchanganya. Hilo nalo ametuagiza tulisome.

Alikwenda Ghuba ya Kinew mwenyewe. Philomene, miaka themanini na minne, alimsikiliza hadi mwisho, Delphine akitafsiri. Akampa majina manne yaliyokosekana. Kisha akasema, "Marguerite umekosea herufi. Na mimi sikuwa nyuma ya mume wangu. Nilikuwa wa kwanza kwenye mstari." Mwalimu akamwomba msamaha. Philomene akavuta shali yake. "Andika vizuri kwanza," akasema. Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, bila kusema zaidi.

Kwa miaka minne Mwalimu alizunguka na gundi na bahasha ya kurasa, akiomba kila mwenye kitabu amruhusu abandike. Nakala mia mbili na kumi na mbili alizifikia. Baadhi yenu mlio hapa mlimfungia mlango. Nakala ya nyumba yetu, Kristrun aliificha.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2009. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 22 Novemba 2011, mchana, akiwa na miaka tisini.

Aliagiza majina haya yatangulie yetu: Philomene Traverse, Ambrose Traverse, Marguerite Sinclair, Moses Sinclair, Harriet Bear, Solomon Bear, Cornelius Bear, Joseph Mason, Nancy Mason, Albert Bruce na Eliza Bruce.

Ameacha watoto wawili, Einar na Kristrun, wajukuu watano, vitukuu watatu, na mdogo wake, Fjola.

Alituomba pia tusiseme leo kwamba yamekwisha. Hatusemi. Tunasema tu: Mama, pumzika, kazi iliyobaki ni yetu.