Kibuyu ya Papa Inaenda Kavumu

DONATIEN: Haloo? Mbandaka hapa. Nani ananitafuta?

COLETTE: Ni miye, Colette, mudogo wako. Niko ku posta ya Bukavu. Jambo, yaya.

DONATIEN: Jambo, mudogo. Maman iko muzima?

COLETTE: Muzima. Sikiya, wamenipa dakika tatu tu. Ulipata barua?

DONATIEN: Jana. Tonton Anaclet anakutoa kabisa kwa ule muchuuzi wa zahabu wa Kamituga?

COLETTE: Honoré mwenyewe. Iko na bibi wawili, miye wa tatu. Nilimwambia tonton: sitaki. Akasema mutoto mwanamuke haulizwi.

DONATIEN: Bila miye hawawezi. Papa alikufa, miye njo mukubwa. Kasigisi ya mahari, ile pombe ya ndizi, hakuna mwenye kuionja mbele ya—

COLETTE: Mbele ya mutoto mukubwa, mu kibuyu ya Papa. Tonton anajua. Lakini saa ikifika na mukubwa haiko, mudogo wa Papa anaonja pahali pake. Akishaonja, imekwisha. Niko bibi ya mutu.

DONATIEN: Waliweka saa ngapi?

COLETTE: Kesho samedi, kisha salongo, ile kazi ya wote ya asubui. Saa nane.

DONATIEN: Basi acha kulia.

COLETTE: Nani analia?

DONATIEN: Niko na tike ya ndege. Tunatoka saa moja ya asubui, tunashuka Kisangani, tunaruka tena. Masaa sita yote. Saa saba niko Kavumu, ku kiwanja ya ndege.

COLETTE: Saa saba ya wapi?

DONATIEN: Ya saa yangu hii, ya mukono—

COLETTE: Yaya. Saa ya Mbandaka ni ya Kinshasa. Huku tuko mbele saa moja.

DONATIEN: [musitari unakwaruza] Aah. Miaka ine huku, nilisahau kabisa.

COLETTE: Tonton hakusahau. Mbele walisema saa kumi. Akaenda kuuliza ku biro ya ndege, akarudi na saa nane. Ndege ikigusa chini, yeye anainua kibuyu. Na kutoka Kavumu mupaka kwetu Nyantende, na mvua hii, ni saa moja na nusu.

DONATIEN: Muzee mubaya ule. Maman awaombe wangojee.

COLETTE: Nimeomba miezi mbili. Nimechoka kuomba. Kibuyu ya Papa iko wapi, unafikiri?

DONATIEN: Mu chumba ya Maman, ku musumari.

COLETTE: Iko mu kikapo, hapa kati ya miguu yangu.

DONATIEN: Colette—

COLETTE: Bila kibuyu ile, hata tonton hawezi kuonja. Ninapanda kamyo, ninalala Miti, pale karibu ya Kavumu, kwa tantine Georgette. Kesho niko Kavumu mbele ya ndege yako.

DONATIEN: Na Maman, hakuona?

COLETTE: Aliona. Akaifunika na ndizi juu, akarudi ku shamba.

DONATIEN: Watakupiga, mudogo.

COLETTE: Wanipige. Watapiga binti ya Papa, hapana bibi ya Honoré. Wewe ushuke tu, tuingie Nyantende wawili, useme hapana mbele ya watu wote.

DONATIEN: Nitasema. Hata— haloo?

COLETTE: Mutu wa posta ananinyooshea kidole. Badilisha saa yako, yaya.

DONATIEN: Ninaisukuma sasa. Kwetu iko saa ngapi?

COLETTE: Tano na robo. Kamyo inatoka na nusu, acha nikimbie—