Bi. Bilhah na Chumba Ambacho Mwenye Ploti Hana Ufunguo Wake

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa kituo chetu cha afya, Bi. Bilhah Nyamusi anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Nimeombwa nieleze kazi yake. Nakiri mapema kwamba sehemu ya mwisho siielewi hadi leo.

Ya kwanza ni rahisi. Alifika hapa Mogogosiek mwaka 1992 kutoka kwao Chepilat, akakuta faili zimeliwa na mchwa. Aliwajua wachuma chai kwa jina na kwa namba ya kadi. Faili ikipotea, kwa kawaida daktari alikuwa ameikalia.

Kisha tukahamia mtandaoni, kwenye kompyuta za kampuni fulani ya mbali. Alitueleza mara nne. Kompyuta moja kubwa hugawanywa kama ploti ya vyumba vya kupanga: wapangaji wengi, na mwenye ploti, yaani kampuni, ana funguo zote za akiba. Ila sasa kuna chipu inayofunga chumba chetu kwa ufunguo usiotoka ndani yake. Mwenye ploti akichungulia, huona herufi zilizovurugika tu. Na kabla hatujatuma faili, chipu hutoa cheti kuthibitisha kuwa kufuli ni ile ile. Niliuliza ni nani basi hupiga deki humo ndani. Alinitazama kwa huruma.

Agosti 2023 cheti hakikulingana. Bi. Bilhah akakataa kutuma faili hata moja. Foleni ilifika getini, Matroni Chepchumba akafoka, nami nikafoka zaidi. Yeye alisema tu, "Karatasi tuko nayo. Tumieni karatasi." Siku ya tatu kampuni ikakiri kwamba ilituhamishia kwenye mashine isiyo na kufuli hiyo. Fundi wao yeyote angeweza kutusoma.

Wiki hiyo nilikuwa nimeanza dawa za virusi vya Ukimwi. Faili yangu ilikuwa mikononi mwake wakati namfokea, na hakunikumbusha.

Mama Bilhah, asante sana. Rudi kwa ng'ombe wako, ulale usingizi mzuri, na Mungu akupe miaka mingi ya furaha. Chipu bado inanichanganya. Lakini wenzangu, habari yangu mnaisikia leo kwa mara ya kwanza, na mnaisikia kutoka kwangu.

Kiptanui, dereva wa ambulensi