Neti ya Mjomba Pastory

Hili sijamwambia mtu, hata mama: wale dagaa niliwaozesha mimi. Nimejaribu mara tatu kuanza na tarehe, kalamu imekataa.

Basi tarehe ni hii. Mjomba Pastory anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mbili ya ukatibu wa kamati za Bunge kule Dodoma. Wenzake wa ofisini wametuma kurasa mbili za sifa, na familia imenipa mimi nizifupishe kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi hapa Bangwe, eti kwa kuwa nasoma Kiingereza na Kiswahili. Kumbe ukijua lugha mbili unachanganyikiwa mara mbili.

Waziri akitunga kanuni, Mjomba aliiweka mezani pamoja na sheria iliyomruhusu kuitunga, akapitisha rula mstari kwa mstari. Kanuni ikidai jambo ambalo sheria haikulitaja, au ikiwa mzigo kwa watu, aliwaandikia wabunge wa kamati, nao wakamwita waziri ajieleze. Wenzake wanasema hata orodha ya vyakula vya kantini aliipitishia rula. "Sheria ni mama, kanuni ni mtoto," hutuambia akija likizo. "Mtoto hamtumi mama sokoni."

Sifa yake kubwa ni kanuni ya dagaa. Ilitaka waanikwe kwenye kichanja na wafunikwe neti kutwa nzima. Mjomba akaja kuijaribu. Mama akaanika wake mchangani kama kawaida, mimi nikapewa kichanja. "Watandaze, wasipandane, uwageuze kila saa, Recho," Mjomba akasema, kisha akaenda Ujiji kumsalimia rafiki yake, Mzee Mwinshehe. Nikawamwaga ndoo nzima, nikafunika, nikakimbilia netiboli.

Jioni harufu ilifika kwa jirani yetu, Bibi Asia. "Jamani, serikali imepika supu!" akacheka. Mjomba hakucheka. Aliandika: neti inazuia hewa. Kamati ikawaita wadau, wengine nao wakailalamikia neti, waziri akaiondoa. Watu wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, walishangilia.

Labda neti ilikuwa mbaya kweli. Labda ubaya ulikuwa wangu. Kila nikiona kunguru wanavyojichotea vichanjani sasa, sijui nimfukuze nani. Na Jumamosi sifa hiyo itasomwa mbele ya watu wote, Mjomba amesimama na suti yake mpya.

Mjomba, ulitufundisha kwamba kamati haifungi hoja kabla ya kumsikiliza kila mdau. Mmoja ulimruka, alikuwa uani kwako. Maoni yake ndiyo haya, yamechelewa. Ahsante kwa miaka yote uliyosoma maandishi madogo ili sisi tusiumizwe nayo. Karibu nyumbani. Ziwa likupe upepo mzuri na usingizi wa mchana usio na kikao.

Nasikia kandambili zake barazani. Karatasi nilishaisukuma chini ya mkeka. Naitoa. Naiweka mezani, na rula yake juu.